Kariakoo ina diwani, madaraka yako kwingine

Saa kumi na moja alfajiri Mtaa wa Congo bado una giza, lakini makuli wameshaanza kugombania njia na mikokoteni yao. Kufika saa nne asubuhi hapapitiki. Huyu anashusha marobota ya mitumba, yule ni winga, amekushika mkono akupeleke kwenye "duka letu" ambalo si lake. Mnunuzi wa Lubumbashi anahesabu dola, na pembeni yake mwenzake wa Songea anaulizia bei ya jumla ya madaftari. Saa mbili usiku fremu zinafungwa, na umati wote huo unamwagika kwenye mwendokasi na daladala kurudi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Kivule. Wanaobaki kulala ni wachache. Sensa ya 2012 haikufikisha wakazi 14,000 kwa Kata nzima ya Kariakoo. Ukiondoa watoto, hao ndio wenye kumchagua diwani.

Kata inayojaza maduka ya nusu ya nchi, na ya majirani pia, inasemewa na mtu mmoja aliyetumwa na watu ambao hawajazi hata robo ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Diwani huyo ni mmoja kati ya madiwani wa kata 36 katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, bado hujawahesabu wa viti maalumu. Na likitokea jambo kubwa Kariakoo, iwe moto, mgomo au ghorofa kuanguka, hakuna anayeuliza diwani yuko wapi. Watu wanamsubiri Waziri Mkuu.

Hatumsemi mtu hapa. Aliyekalia kiti jana na atakayekikalia kesho hali yao ni moja. Tunachosema ni kwamba kiti chenyewe kimekondeshwa, kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka 50, na kila mara aliyekipunguza alikuwa na sababu iliyosikika vizuri siku ile. Gharama yake inalipwa Kariakoo, kwa fedha na kwa roho za watu.

Jina la kata limetoka kwa watu ambao hakuna aliyewauliza lolote. Wajerumani walikuwa wameupima mji kwa rangi: Wazungu upande wa ufukwe, Wahindi katikati, Waafrika huku nyuma. Huku nyuma wakapima viwanja kwa mistari iliyonyooka na kujenga jengo la soko. Kabla soko halijachangamka vita vikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka hapo wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaifanya Kariakoo. Nairobi nako jeshi hilo hilo liliacha jina hilo hilo, ila wao wanaliandika Kariokor, na leo ni sehemu ya jina la wadi ya Ziwani/Kariokor. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Ukitaka kumbukumbu yao usiende mbali, tembea tu mitaani. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: hizo ni sehemu za kusini zilizopiganiwa mwaka 1917. Mama anayepanga vitenge vyake Narung'ombe anafanya biashara juu ya jina la mapigano ya Julai mwaka ule, na tukisema kweli hata sisi tulipita pale miaka mingi bila kujua.

Chini ya Mwingereza, waliokaa kwenye mamlaka ya mji, na baadaye kwenye baraza la manispaa baada ya 1949, kwa miaka mingi waliteuliwa. Mwafrika wa Kariakoo hakuwa na karatasi ya kura. Lakini usidhani alikuwa kimya. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa mjini humu mwaka 1929 na kupata ofisi yake New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba. Watu walikuwa na ngoma zao, na viongozi wa ngoma. Walikuwa na vilabu vya mpira vilivyozaliwa katikati ya miaka ya 1930 na ambavyo leo vinagawa nchi nzima kwa rangi mbili. Walikuwa na soko lao. Miaka ya 1950 msimamizi wa soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, mtu ambaye nyumba yake ilimpokea Nyerere alipofika mjini kufanya siasa. Sokoni humo humo alikuwamo Mzee Mshume Kiyate, muuza samaki aliyetoa fedha zake mfukoni kwa ajili ya chama cha TANU. Na TANU yenyewe ilizaliwa New Street, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akaandikisha wanachama kwa maelfu. Hakuna tume iliyompa jimbo wala kata. Alijua tu ngoma gani inachezwa wapi, na nani akiitikia wengine wataitikia.

Tunayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanabeba hoja yetu. Uwakilishi wa Kariakoo ulianzia pale watu walipokuwa wanakutana kweli, yaani sokoni, kwenye ngoma na kwenye baraza za nyumba. Sanduku la kura lilikuja baadaye.

Lilipokuja, lilikuja kwa shangwe. Mwaka 1960 Dar es Salaam ilipata Meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Amri Abedi, mshairi na mwanazuoni, yule yule wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mji ukawa jiji na uhuru ukaja. Halafu haikupita hata miaka kumi na mitano baraza likafutwa. Mwaka 1972 ilikuja sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, na jina lake lilikuwa kinyume cha kazi yake, maana mabaraza ya miji na wilaya yalivunjwa na kazi zao wakakabidhiwa maofisa walioteuliwa na serikali kuu. Kariakoo ikabaki na mabalozi wa nyumba kumi, ambao walijua nani kahamia na nani kafiwa, lakini hawakuwa na bajeti ya hata koleo la kuzibulia mtaro.

Ni katika miaka hiyo ndipo lilipojengwa soko tunalolijua. Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, alichora paa la miavuli ya zege linalokinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi chini ya ardhi, kazi ambayo hadi leo wanafunzi wa usanifu wanakwenda kuitazama. Nyerere alilifungua Desemba 1975. Tazama tarehe hiyo vizuri. Soko kuu la jiji lilifunguliwa wakati jiji halina baraza la madiwani. Mwenye soko likawa Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Soko liko ndani ya kata, linanuka ndani ya kata, foleni yake inaziba barabara za kata, lakini kata haina neno juu yake.

Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, baada ya mitaro kuziba na kipindupindu kuingia, na sheria ya mamlaka za miji ya 1982 ikayapa umbo yalilo nalo hadi leo. Uchaguzi mkuu wa vyama vingi ukaja 1995. Na hapa lazima tuseme ukweli usiotupendeza sisi tunaotetea madiwani. Mwaka 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji na kuweka Tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Wengi mjini walifurahi. Baraza lililovunjwa lilikuwa limeshindwa hata kuzoa takataka, zilikuwa zinaoza Kariakoo kwa wiki nzima na mainzi wakawa wapangaji. Tume ilizoa taka, ikaziba mashimo, ikakusanya mapato. Mzee yeyote wa Mtaa wa Swahili atakwambia mji ulipendeza. Keenja mwenyewe mwaka 2000 aligombea ubunge Ubungo akashinda, jambo linaloonesha kwamba wananchi hawakumchukia kwa kuteuliwa.

Kwa nini basi tusiombe tume nyingine? Kwa sababu Tume ilifanya kazi ikiwa na fedha, na ikiwa na mlango wa Ikulu nyuma yake. Baraza halikuwa na hivyo. Ukimpa mmoja jembe na mwingine kijiti, kisha ukaja kupima nani kalima zaidi, hujapima mkulima. Tena Tume ilipoondoka mwaka 2000 na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zikaanza, hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza Keenja kwa nini mtaro huu na si ule. Diwani unaweza kumuuliza. Unaweza kumkuta msikitini, au kwenye msiba, ukamuuliza.

Lakini kumuuliza diwani asiye na kitu ni kumwonea. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo chakula cha serikali za mitaa, mwaka 2016 ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka uliofuata ada za mabango zikafuata njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo tunailipa kwa LUKU: unanunua umeme, unakatwa, unanung'unika, basi. Ni njia rahisi ya kukusanya, hatubishi. Lakini mwenye ghorofa la Mtaa wa Sikukuu analipa kodi yake kwa mita ya umeme, na hana hata risiti moja inayomkumbusha kwamba kuna halmashauri, kuna kata, kuna mtu wa kumdai taa ya barabarani. Desemba 2018 wamachinga nao walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000, vikatoka Ikulu kupitia wakuu wa mikoa na wilaya. Halafu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kariakoo ikajikuta asubuhi iko kwenye Jiji lililokuwa Manispaa jana yake, na mitaro ni ile ile.

Tuongee fedha ndogo. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000. Nenda Kariakoo leo ukaulize fremu. Si kubwa, ile tu ya kusimama watu wawili na kutundika suruali ukutani. Dalali atakutajia pango la mwezi ambalo posho hiyo hailigusi, kisha atakwambia hulipi mwezi mmoja, unalipa mwaka, na kabla ya hayo yote kuna kilemba cha kumtoa aliyemo. Kilemba hakina risiti. Kilemba cha fremu nzuri kinaweza kujenga nyumba Chanika. Sasa mchukue mtu wa shilingi 350,000, mweke katikati ya fedha za namna hiyo, halafu mwambie asimamie nani anajenga nini na nani anachimba wapi. Wapo walioweza kwa uadilifu, na tunawavulia kofia. Ila mfumo unaotegemea watu wawe malaika ni mfumo uliochorwa vibaya.

Matokeo tumeyaona. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Serikali ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine kando yake, na wafanyabiashara wakakaa miaka wakisubiri kuambiwa nani anarudi na kwa masharti gani. Mei 2023 maduka yakafungwa. Hasira zilikuwa juu ya usajili wa stoo na ile kamatakamata ya maofisa wa kodi, kijana katoka dukani na mfuko anasimamishwa kona ya kwanza kuulizwa risiti. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja, akakaa nao Mnazi Mmoja, wakatoa ya moyoni kwa saa nyingi mbele ya kamera. Ulikuwa mkutano mzuri. Lakini jiulize kwa nini malalamiko ya mfuko na risiti, ya mlango na mlango, yalilazimika kupanda hadi kwa Waziri Mkuu ndipo yapate wa kuyasikiliza. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2024, maduka yalifungwa tena, kwa mambo yale yale. Safari hiyo mgomo ukasambaa hadi mikoani.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Jengo la ghorofa katika eneo la Mchikichi na Congo lilianguka asubuhi, watu wakiwa madukani. Kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wanaongea na walionaswa chini, wanawapitishia maji na hewa. Wafu walipita 20. Majirani wengi walisema kwamba chini ya jengo palikuwa panachimbwa ili kupata nafasi zaidi ya biashara, na Kariakoo jambo hilo halimshangazi mtu: kila hatua moja ya ardhi ina bei, basi watu wanaitafuta hata chini ya nguzo. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo lote.

Timu inakuja na kuondoka. Jirani hakuondoka. Muuza chai wa kona ile alikuwa anaona kifusi kinatolewa. Makuli ndio waliokibeba. Mlinzi alisikia mtambo. Mwenyekiti wa mtaa, na kata hii ina mitaa mitatu tu, Kaskazini, Mashariki na Magharibi, anaweza kuizunguka yote kwa miguu kabla chai haijapoa. Hakuna mji mkubwa wenye macho mengi kwenye eneo dogo kama Kariakoo. Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka walichokiona, na mtu mwenye uwezo wa kusema "simamisha" na mtambo ukasimama. Kibali cha ujenzi kinatoka kwa wataalamu wa Jiji, chini ya Mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Diwani anaweza kuuliza swali barazani. Kati ya swali hilo na jibu lake, shimo linaendelea kuchimbwa.

Kuna wenye hoja kwamba tatizo ni wapiga kura: wafanyabiashara wa Kariakoo wapige kura Kariakoo, basi. Jambo hili lina mfano wake. Katikati ya London kuna mji mdogo wa kale, City of London, wenye kata 25, wakazi wachache na wafanyakazi mamia ya maelfu, na huko makampuni yanateua watu wa kupiga kura katika uchaguzi wa baraza. Hatushauri hilo hapa. Kariakoo mwenye fremu kumi angekuwa na sauti kumi, kuli asiye na fremu angekuwa na sifuri, na kilemba kingepata biashara mpya. Kura ibaki ya mkazi. Mtu apige kura anakolala, anakopeleka mtoto shule, anakochukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Tena wakazi wa Kariakoo waliobaki, wazee wa nyumba za vyumba sita na wapangaji wa maghorofa ya juu, wanastahili diwani wao. Wao ndio wanaokosa usingizi kwa mitambo ya usiku.

Wala hatusemi Kariakoo iongezewe madiwani. Majohe na kata nyingine za pembezoni zina watu mara kadhaa zaidi ya Kariakoo na diwani mmoja vile vile, na barabara zao mvua ikinyesha ni vidimbwi. Kwa hesabu ya vichwa, Kariakoo tayari imependelewa.

Tunachotaka ni kwamba mlango ule mdogo uliopo ufunguliwe. Sheria inaitambua Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, mtendaji wa kata ni katibu. Hicho ndicho chombo cha kata nzima ambacho kinaongozwa na waliochaguliwa. Waalikwe humo, kila kikao na si kwa hisani, wawakilishi wa wenye maduka, wamachinga, makuli na mama lishe, wachaguliwe na wenzao kwa kura ya wazi. Wasipige kura kwenye kamati. Waseme tu, na yaandikwe kwenye muhtasari. Kariakoo inajua kufanya hivyo, ilifanya miaka ya 1950 bila ruhusa ya mtu.

Vibali vya ujenzi vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na kwenye uzio wa jengo lenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka: nani anajenga, ghorofa ngapi juu, ngapi chini, mhandisi ni nani, kibali kinaisha lini. Hili halihitaji Bunge. Linahitaji printa na gundi. Na kamati ya kata ipewe mamlaka ya kusimamisha uchimbaji kwa saa 72 mpaka mkaguzi wa Jiji afike na kuandika kwa mkono wake kwamba pako salama. Wenye majengo watapiga kelele kwamba muda ni fedha. Sawa, ni fedha. Novemba 2024 tuliona bei nyingine.

Na katika mapato yanayokusanywa Kariakoo, sehemu inayojulikana, iliyoandikwa kwenye bajeti, irudi kwenye kata. Kiwango kipangwe na baraza zima, maana kata maskini za pembezoni zina haki ya jasho la Kariakoo na hatutaki mtu alale njaa ili Mtaa wa Msimbazi uwe na taa. Lakini kiwango cha sifuri, au cha kuombwa kila mwaka kama sadaka, ndicho kilichotufikisha hapa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna ubao wala bajeti itakayolitengeneza. Mwenyekiti wa mtaa na diwani wanapata ubavu pale wanapojua wanaweza kushindwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua karibu viti vyote. Mwaka 2024 ikawa karibu hivyo hivyo. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, na siku ya kupiga kura Dar es Salaam ililala chini ya amri ya kutotoka nje. Diwani aliyepatikana katika mazingira hayo anaweza kuwa mtu mwema na mchapakazi. Ila anajua kilichompa kiti, na mwenye nyumba wa Mtaa wa Aggrey naye anajua, na mfanyabiashara anajua, kwa hiyo wote wanamruka na kwenda kutafuta mkubwa. Kwa nini uongee na mlinzi wakati unaweza kumpigia mwenye geti?

Turudi kwenye jina la mtaa mmoja. Tandamti ulibadilishwa jina ukaitwa Mshume Kiyate, kumheshimu yule muuza samaki. Watu wengi bado wanasema Tandamti, na kondakta hatakuelewa ukisema vingine. Mzee Kiyate hakuwahi kuhitaji kibao ili asikike. Alikuwa na meza ya samaki, watu wakimjua, na mlango wa TANU ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Mfanyabiashara wa leo ana simu tatu na kundi la WhatsApp la watu 500, na hana mlango wa kubisha ndani ya kata yake ya kazi.

Kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Kariakoo kitangazwe mapema, siku na saa, kwenye ubao na kwa kipaza sauti kile kile kinachotangaza punguzo la viatu Mtaa wa Congo. Ajenda ya kwanza iwe orodha ya majengo yote yanayochimbwa chini katika mitaa mitatu ya kata. Mwandishi wetu atakuwapo na daftari.